Mimba Haijitangazi Siku ya Tatu

Kichefuchefu kinachomwamsha mwanamke siku tatu baada ya kukutana na mwenzi wake si dalili ya mimba ya siku hiyo. Yai likirutubishwa husafiri kwanza ndani ya mrija, na dalili hazina pa kuanzia mpaka lijipandikize kwenye ukuta wa kizazi. Utafiti wa Allen Wilcox na wenzake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba kwa mimba nyingi zilizodumu hilo hutokea siku ya 8 hadi ya 10 baada ya yai kutoka kwenye ovari. Hapo ndipo homoni ya hCG, ile inayosakwa na kipimo cha mkojo, huanza kuongezeka. Kichefuchefu chenyewe kwa kawaida hungoja hadi karibu wiki ya 6, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.

Wapo watakaobisha: mbona matiti yaliuma kabla hedhi haijakosekana, na kweli mimba ikawepo? Maumivu hayo si ya kubuni. Ila mara nyingi huletwa na projesteroni, ambayo hupanda kila mwezi baada ya yai kutoka, mimba iwepo isiwepo. Anayepata hedhi huyasahau, aliyeshika mimba huyakumbuka. Na uchovu na kutapika, huku kwetu, huenda ikawa malaria. Basi ngoja hedhi ipitilize, pima kwa mkojo wa asubuhi, na jibu likiwa hapana ilhali hedhi bado, rudia baada ya wiki moja. Maumivu makali ya tumbo la chini upande mmoja, pamoja na kutokwa damu, hayangoji kipimo: nenda hospitali mara moja.