Jina Lililo Nyuma ya Sarafu

Wakusanyaji wa sarafu kongwe huko Uingereza huweza kubishana siku nzima juu ya peni moja ya fedha ya Mfalme Henry wa Tatu: je, mfalme ameshika fimbo ya enzi au hakushika? Taji lake lina umbo gani? Tofauti hizo huibadili aina ya sarafu, na bei yake pia. Hayo tuwaachie wenyewe. Kwa mwenye dhamana ya umma, upande wa kutazamwa ni ule wa pili.

Upande huo, kuuzunguka msalaba, limeandikwa jina la fundi aliyesimamia kazi na mji wake: Nicole wa London, kwa mfano. Kipande cha fedha kiliwekwa baina ya mihuri miwili ya chuma, kikapigwa nyundo. Na uzito ulipopungua, wa kuulizwa alijulikana. Sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zina majina ya watawala. Waingereza waliongeza la mtendaji.

Wala halikuwa pambo. Mwishoni mwa 1124 mafundi hao waliitwa Winchester kwa amri ya Mfalme Henry wa Kwanza kwamba wakatwe mkono wa kulia na kuhasiwa, kwa kutoa fedha mbovu. Adhabu ya kinyama ya kikabaila. Lakini iliwaelekea waliotia majina yao.

Peni ilikatwa kwa kufuata mistari ya msalaba ili kupata nusu na robo, na hilo lilikuwa halali. Wengine walikata kingo kidogo kidogo, wakajilimbikizia chembe za fedha, kisha wakaitumia sarafu kwa thamani ileile. Kwetu huko ndiko kupunja. Mwaka 1247 msalaba ulirefushwa hadi ukingoni ili upungufu uonekane kwa macho. Wapunjaji hawakukoma.

Hapo ndipo Serikali ya Edward wa Kwanza ilipotafuta wa kubebeshwa mzigo. Mwaka 1278 Wayahudi walikamatwa kwa mamia nchini kote, na zaidi ya 200 wakanyongwa London. Wakristo walioshitakiwa kosa hilohilo wengi wao walitozwa faini. Mwaka 1290 Wayahudi wote waliosalia walifukuzwa nchini.

Katika sarafu mpya za 1279 jina la fundi liliondolewa, isipokuwa kwa muda katika mji wa Bury St Edmunds. Kwingineko uliandikwa mji peke yake. Mkusanyaji wa leo huyatambua matoleo yake kwa taji na maumbo ya herufi, aliyeyasimamia hatajwi.