Jina la Bwana kwenye Kibao, Haki kwenye Mizani

Katika makala hii tunakusudia kulitazama jambo ambalo mchungaji wa usharika wa mjini hukutana nalo mara nyingi, ingawa darasani huzungumzwa kidogo. Mkristo anafungua biashara, anaipa jina lenye kumtaja Mungu au wema wake, kisha anamwita mchungaji aje kuibariki. Hapa Mwanza, na katika mialo yote ya Ziwa Victoria, majina hayo yapo kila mahali: kwenye vibao vya maduka, ubavuni mwa mitumbwi, kwenye vioo vya magari. Je, jina hilo lina maana gani kwa imani yetu, nasi tunaloitwa kulibariki ni nini hasa?

Swali hili halikutujia kutoka vitabuni. Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa na msharika mmoja kubariki duka lake la nafaka na dagaa. Tulikwenda pamoja na wazee wa kanisa, tukasoma Neno, tukaomba, tukala chakula. Wiki chache baadaye, ibada ilipokwisha, mama mmoja mjane alitusubiri mlangoni. Alitusalimu kwa heshima, kisha akauliza: “Baba Mchungaji, mlipolibariki duka lile, na mizani mliibariki?” Alikuwa amenunua dagaa kilo mbili, akaenda kuwapima kwa jirani, wakapungua karibu robo. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua kama sala yetu ilikuwa imeifunika na robo ile. Hatukuwa na jibu.

1. Chapa na mwenye chapa

Wafanyabiashara wa siku hizi huzungumza sana juu ya kujenga jina la biashara, yaani sifa inayomfanya mnunuzi aipite milango mingine na kuingia mlango huu. Jambo lenyewe si geni. Mfugaji hupiga ng'ombe wake chapa ili ajulikane ni wa nani. Alama ile haimnenepeshi ng'ombe wala haimwongezei maziwa; inamtaja mwenyewe tu. Ng'ombe akila shamba la watu, chapa ile ile ndiyo inayoonyesha nani wa kudaiwa.

Basi mtu anapoandika jina la Bwana juu ya mlango wa duka lake, anawaambia wapitao kwamba biashara hii ina Mwenyewe. Atakayepunjwa humo atajua wa kumlilia. Maandiko yanalisema jambo hili waziwazi: katika Walawi 19:35-36 amri ya kuwa na mizani ya haki imefungwa kwa jina la Bwana aliyewatoa Israeli Misri, na katika Mithali 11:1 mizani ya hila inaitwa chukizo kwake.

2. Amri ya Pili na Amri ya Saba

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anaieleza Amri ya Pili kuwa inakataza, pamoja na mambo mengine, kulitumia jina la Mungu kwa uongo na udanganyifu. Tumezoea kulifundisha jambo hili kwa habari ya viapo na uganga. Lakini kibao cha duka nacho ni kiapo cha namna yake, kwa kuwa kinampa mnunuzi sababu ya kuamini kabla hajaona. Mizani ikiwa ya uongo, jina limetajwa bure, hata kama limeandikwa kwa rangi nzuri na kuombewa na mchungaji.

Amri ya Saba inakwenda mbali zaidi. Luther haoni wizi kwa mvunja mlango peke yake. Anauona pia kwa yule anayemuuzia jirani bidhaa mbovu, na anatutaka tumsaidie jirani alinde alicho nacho na kukiongeza. Katika maandishi yake juu ya biashara na riba ya mwaka 1524 aliwashutumu wafanyabiashara wa Ujerumani waliodhani kwamba mtu ana haki ya kuuza kwa bei yoyote anayoweza kuipata. Hakukataa faida. Alikubali kwamba mfanyabiashara anastahili kulipwa kwa gharama, taabu na hatari yake. Alichokataa ni kuigeuza shida ya jirani kuwa mtaji.

3. Funzo la pamba

Watu wa kanda hii hawahitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, kilio kikubwa cha wakulima wa pamba wa Usukumani kilikuwa mizani ya wanunuzi. Mkulima alivuna kwa jasho, akaibeba pamba yake hadi kwenye kituo cha kununulia, na huko mtu mwingine akamwambia uzito wake. Wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakikisha uzito. Katika mwamko huo, ulioongozwa na Paul Bomani na wenzake, vilizaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, makao yake Mwanza. Muungano huo ulipata jina kubwa katika Afrika. Msingi wa jina hilo ulikuwa jambo dogo: mkulima aliamini kwamba kilo ni kilo.

Lakini jina lililojengwa kwa mizani huweza pia kubomolewa. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini kwa sababu ya malalamiko ya udanganyifu na usimamizi mbaya, na baadaye nafasi ya Muungano ikachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Waliokuwa wamedai haki mezani pa wengine walikuwa sasa wanadaiwa mezani pao.

Ziwa nalo lina funzo lake. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia katika masoko yake kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Wavuvi waliotupa nyavu zao kwa uaminifu walikosa soko pamoja na waliomwaga sumu. Jina lililikuwa la ziwa zima, na wachache waliliharibu kwa wote. Ndivyo ilivyo kwa jina la Kristo, ambalo halina mwenye duka mmoja.

4. Hatari ya Demetrio

Hapana budi tutaje hatari nyingine. Katika Matendo 19 tunasoma habari za Demetrio, mfua fedha wa Efeso, ambaye biashara yake ilisimama juu ya jina la mungu wa kike Artemi. Alipoona Injili inaenea, aliwakusanya mafundi wenzake, akaanza na hasara ya kazi yao, ndipo akafika kwenye heshima ya hekalu. Mfanyabiashara Mkristo naye aweza kuwa Demetrio wa Kanisa: analitumia jina la Yesu kwa kuwa washarika ni wanunuzi wengi. Nasi wachungaji twaweza kumsaidia, hasa akiwa mtoaji mzuri wa sadaka.

Dawa yake ni Ubatizo. Mkristo hupewa jina la Mungu bure, kabla hajauza wala kununua chochote. Hana haja ya kujijengea jina mbele za Mungu kwa biashara, wala faida si uthibitisho wa kibali chake. Kwa kuwa hilo limekwisha, mikono yake ni huru kumtumikia jirani. Hii ndiyo tofauti kati ya fundisho letu na yale mahubiri yanayoahidi kwamba mwaminifu atatajirika. Mwaminifu aweza kupata hasara. Bado robo ya mjane ni ya mjane.

5. Mashauri kwa mchungaji

Kwanza, kabla ya siku ya kubariki, tumtembelee mwenye biashara na kuzungumza naye juu ya vipimo, bei, mikopo na mishahara ya wasaidizi wake. Pili, tumuulize kama mizani yake imekaguliwa na Wakala wa Vipimo. Serikali nayo ni chombo cha Mungu cha kumlinda mnyonge. Tatu, katika ibada yenyewe tusome Walawi 19 mbele ya wateja, na mizani iwepo mezani. Nne, tusimwache peke yake baada ya hapo, kwa maana jaribu lake ni la kila siku.

Hili la nne tulijifunza kwa yule msharika. Tulipomrudia hakukana. Alisema: “Baba Mchungaji, mtaa mzima hupima hivyo. Nikipima sawa kwa bei yao, nitafunga.” Hakuwa anasema uongo. Tuliketi naye jioni tatu tukipiga hesabu. Mwishowe aliirekebisha mizani, akapandisha bei kidogo, akawaeleza wateja sababu. Baadhi walimhama. Mjane yule alirudishiwa dagaa wake. Duka lipo mpaka leo, wala si kubwa kuliko maduka ya majirani zake.

Tangu wakati huo, tunapoitwa kubariki biashara, tunaomba kwanza kuiona mizani. Wako wanaoahirisha mwaliko. Nao tunawaombea, na tunawangoja.