Tableti mpya mkononi, siri za watu katika ile ya zamani

BUTEMBO – Tarehe 1 Januari 2025, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye vifaa vinavyotumia Android 4.4. Kwa wengi hiyo ilikuwa habari ndogo. Kwangu ulikuwa mwisho wa tableti niliyofanyia kazi ya uandishi wa habari kwa miaka tisa hapa Kivu Kaskazini, maana watu wanaonipa habari kutoka vijijini hutuma sauti zao kwa WhatsApp.

Ukweli ni kwamba ilikuwa imekwisha kuchoka. Nafasi yake ilikuwa gigabaiti 8 tu, na sehemu kubwa ilichukuliwa na mfumo wenyewe. Siku moja mama aliyekimbia vita katika eneo la Lubero alinisimulia jinsi alivyopotezana na watoto wake njiani. Alipomaliza, niliona kwamba kurekodi kulikuwa kumesimama katikati: nafasi imejaa. Sikuwa na moyo wa kumwomba arudie.

Nilinunua nyingine kwa dola 160: ndogo, kioo cha inchi 8.7, RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64. Sitaji kampuni, maana hili si tangazo.

Baada ya miezi mingi, naweza kusema inatosha. Haifiki gramu 400, inaingia katika mfuko wa jaketi ninapopanda pikipiki, na betri inamaliza siku ya kazi. Kwa mtu anayelipia kuchaji kwa jirani mwenye jenereta, hilo si dogo. Sauti ya saa moja huchukua kama megabaiti 60, kwa hiyo sina tena hofu ya kurekodi. Video ndiyo inayokula nafasi: dakika moja ya ubora wa 1080 hupita megabaiti 100.

Ubaya upo pia. Juani kioo hakisomeki vizuri. Picha za jioni hutoka na giza. Waya wangu wa zamani wa kuchaji hauingii. Na nikifungua programu nyingi kwa pamoja, inaanza kujikokota.

Anayetaka kununua asidanganywe na rangi wala kava ya bure. Aulize mambo matatu: nafasi ni gigabaiti ngapi, kuna mahali pa kadi ya kumbukumbu, na Android ni ya namba gani. Hiyo namba ndiyo inayoonyesha kifaa kitadumu na programu zake hadi lini.

Lakini jambo lililonifundisha zaidi lilitokea dukani. Muuzaji alikubali kunipunguzia dola 20 nikimwachia ile ya zamani. Nilikuwa tayari nimeitoa mfukoni. Kisha nikakumbuka kilichomo: sura za wahami, majina ya vijiji, sauti za watu walioniambia nani aliwafanyia nini. Katika eneo lenye makundi ya silaha, picha moja ikifika katika mikono mibaya inaweza kumtafutia mtu kifo. Nililipa bei yote nikarudi nayo nyumbani.

Wengi hudhani kufuta kunatosha. Kwenye vifaa vya zamani, faili iliyofutwa mara nyingi hubaki ndani mpaka nyingine iandikwe juu yake, na fundi mwenye programu inayofaa anaweza kuirudisha. Kwa hiyo nilihamisha kwanza kazi zangu. Nikatoa kadi ya kumbukumbu na ya simu. Nikaingia katika mipangilio, sehemu ya usalama, nikafunga data yote kwa siri. Betri lazima iwe na chaji ya kutosha, na chaja iwe imechomekwa. Mwishoni nikairudisha katika hali ya kiwandani. Baada ya hapo, hata kama mabaki yatapatikana, hayasomeki.

Leo mtoto wa dada yangu anaitumia kuchezea michezo isiyohitaji mega. Yule mama wa Lubero sijamwona tena. Sehemu ya simulizi yake iliyookoka iko katika tableti mpya, nyuma ya neno la siri. Dola 20 nilizokosa sizijutii.