Manahodha Wawili Nyumba Moja: Intaneti Mpya Inapokuwa Mbovu Kuliko ya Zamani

Dadangu anafundisha shule huko Ekerenyo, kaunti ya Nyamira. Sisi watu wa pwani tukisema "bara", kule ndiko: vilima vya majani chai, migomba, na mvua ya alasiri inayokuja na radi. Likizo iliyopita nilimtembelea, na sikuwa nimemaliza hata kikombe cha kwanza cha chai nikaletewa kesi.

Kampuni inayompa intaneti ilikuwa imempandisha kutoka Mbps 10 hadi 40. Fundi alikuja, akaweka kisanduku kipya ukutani, akaenda zake. Tangu siku hiyo mtandao ukawa waja na kupotea. Sebuleni video yatazamika bila kukwama. Ukiingia chumbani, alama ya waifai kwenye simu imejaa, lakini hakuna kinachofunguka. Ukirudi sebuleni, pengine yarudi, pengine la.

Binti yake anasoma diploma kwa njia ya mtandao, na Jumatatu saa tisa alasiri alikuwa na mtihani. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. "Mjomba," akaniambia, "ikikatika katikati ya mtihani, narudia somo zima." Fundi mmoja wa mtaani alikuwa keshasema ruta imeharibika, zitolewe shilingi elfu saba anunue nyingine.

Mimi diploma yangu ni ya uhasibu, si ya kompyuta. Lakini uhasibu umenifundisha kwamba hesabu isipolingana huchomi daftari. Unatafuta ukurasa ulioanza kupotoka. Intaneti ya nyumbani nayo ina kurasa nne: laini inayoingia kutoka nje, kisanduku cha kampuni, mawimbi ya waifai, na simu au kompyuta yako. Chunguza mmoja mmoja, ukianzia nje.

Kwanza, uliza jirani anayetumia kampuni hiyo hiyo. Kama naye hana, tatizo si lako. Mei 2024 kebo mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikapata mtandao wa kusuasua. Siku kama hiyo hata ununue ruta kumi, hazikusaidii. Jirani wa dadangu alikuwa na mtandao safi.

Pili, tazama taa za kisanduku. Kwenye laini ya faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki; huenda waya umekatika au umekunjwa sana. Usiuvute wala kuukata, pigia kampuni. Ya dadangu ilikuwa imezima, na iliyoandikwa PON ilikuwa kijani tulivu. Hiyo ni dalili njema.

Tatu, achana na waifai kwanza. Chukua kompyuta, iunganishe na kisanduku kwa waya, kisha upime kasi. Hapa ndipo wengi hukosea: wanapima kwa simu wakiwa chumbani, kisha wanailaumu kampuni. Tulipopima kwa waya tukapata 38. Laini nzima, kisanduku kizima. Zile elfu saba zikabaki mkobani.

Lakini ni pale nilipokuwa nikitafuta waya wa kupimia ndipo nilipoona jambo. Nyuma ya kabati ya televisheni palikuwa na waya mrefu unaotoka kwenye kisanduku kipya hadi ukumbini, karibu na vyumba vya kulala. Mwisho wake ilikuwepo ruta ya zamani, imewashwa, taa zinametameta.

"Hiyo nilimwambia fundi aiache," dadangu akasema, "isaidie vyumbani. Na kile kipya nikamwomba akipe jina lile lile na nywila ile ile, tusihangaike kubadilisha kwenye simu."

Nia njema kabisa, na kiini cha matatizo ni hapo. Kisanduku kipya si kama kile cha zamani kilichokuwa kikipokea laini tu. Hiki kina ruta ndani yake. Kazi ya ruta ni kuipa kila simu anwani na kuielekeza njia ya kutokea nje. Sasa nyumba ilikuwa na ruta mbili, zote zimejipa anwani moja, 192.168.1.1, na zote zagawa anwani za mfululizo ule ule. Ni kama mtaa wenye wazee wawili, kila mmoja anapanga nambari za nyumba, na nambari zagongana. Ruta ya zamani ikishindwa kujua ndani ni wapi na nje ni wapi, haipitishi kitu. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Na kwa kuwa majina ya waifai yalikuwa sawa, simu haikuwa na njia ya kutofautisha. Ilishika yoyote yenye nguvu. Sebuleni yashika kipya, mambo shwari. Chumbani yashika ya zamani: mawimbi tele, mtandao hakuna. Ukirudi sebuleni, simu yaweza kung'ang'ania ya zamani kwa muda. Ndiyo maana ikaonekana kama mashetani.

Tuliichomoa ruta ya zamani, tukazima waifai kwenye simu na kuiwasha tena. Nyumba nzima ikapata mtandao, ila chumba cha binti, kilicho nyuma ya kuta mbili za matofali, kilikuwa hafifu.

Jumapili tukairudisha ile ya zamani, lakini safari hii kama baharia, si nahodha. Ukitaka kufanya hivyo, ichomoe kwenye kisanduku kipya kwanza, kisha uiunganishe na kompyuta peke yake. Fungua ukurasa wake wa mipangilio kwa kuandika 192.168.1.1. Badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2. Zima sehemu iliyoandikwa DHCP, ambayo ndiyo inayogawa anwani. Hifadhi. Kisha uunganishe ule waya mrefu kwenye tundu lililoandikwa LAN, si WAN. Sasa yarusha mawimbi tu, na mgawaji wa anwani ni mmoja. Jina la waifai laweza kubaki lile lile, maana simu ikishika huku au kule, yafika pale pale.

Mambo mawili kabla sijasahau. Mbps 40 si megabaiti 40: gawanya kwa 8, utapata megabaiti 5 kwa sekunde. Na kwa wanaoishi kwenye radi kama Ekerenyo: faiba ni kioo, haipitishi umeme, lakini adapta ya ukutani yapitisha. Ngurumo ikianza, chomoa.

Siku fundi wa kampuni akija kukuboreshea, usimwachie aondoke kabla hujamuuliza: kisanduku hiki kina ruta ndani? Ile yangu ya zamani nifanye nini nayo? Nipimie kwa waya nione kasi niliyolipia. Dakika kumi hizo zingemwondolea dadangu usumbufu wote huu.

Jumatatu saa nane u nusu wingu likatanda, na dadangu akaanza kusoma dua jikoni. Alhamdulillahi, mvua ilikuja bila radi, na binti akamaliza mtihani wake hadi swali la mwisho. Matokeo bado. Tunangoja, inshallah.