"Huria" si "Bure": Istilahi za Leseni za Maandishi

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kiabakari, mkoani Mara, mwenye tovuti yake binafsi ya masomo. Akiandika humo neno "bure" tu, msomaji ataelewa kwamba hatozwi kitu. Hatajua kama anaruhusiwa kunakili, kurekebisha au kufasiri. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki hizo hubaki kwa mwandishi hata asipoandika lolote. Kwa hiyo twapendekeza "leseni huria", yaani ruhusa ya maandishi yenye masharti yaliyotajwa.

Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwanza mwaka 2002, hujengwa kwa masharti manne. Twayaita hivi:

(a) kutaja mwandishi;
(b) kurithisha leseni: aliyebadili kazi aitoe kwa leseni ileile;
(c) pasipo biashara;
(d) pasipo kubadili.

Sharti (d) lahitaji uangalifu. Tafsiri huhesabiwa kuwa badiliko. Basi mwenzake akiyafasiri masomo hayo kwa Kizanaki, hataweza kuyasambaza bila idhini nyingine. Tena, sharti (c) au (d) likiwapo, maandishi hayawezi kuingizwa katika Wikipedia ya Kiswahili.

Mwalimu atakaye masomo yake yaenee na achague (a) na (b). Lakini aamue kwa makini: akiiondoa leseni baadaye, waliokwisha kupata nakala hawanyang'anywi ruhusa waliyopewa.