Vifaa vya kuingizia na hali za uzi katika kiini cha Linux

Kiini cha Linux ni sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayozungumza moja kwa moja na maunzi ya kompyuta. Programu za kawaida haziruhusiwi kugusa kibodi, kipanya wala kioo cha simu. Habari za vifaa hivyo huzipata kupitia violesura vilivyowekwa na kiini. Makala hii inahusu violesura viwili vinavyotegemeana: kile cha vifaa vya kuingizia, na kile cha hali ya uzi, yaani kumbukumbu ya kiini kuhusu kama uzi wa programu uko kazini, umelala au umesimamishwa.

Vinategemeana kwa sababu binadamu ni mpole mno kwa kipimo cha mashine. Mtu akichapa herufi 10 kwa sekunde, prosesa ya 2 GHz hupitisha mizunguko milioni 200 kati ya herufi moja na inayofuata. Programu ikikaa inauliza "kuna kitufe?" muda wote huo, itakula umeme bure na kuzinyima programu nyingine zamu. Kwa hiyo hulala, na kiini huiamsha.

Safari ya kitufe

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds nchini Ufini mwaka 1991. Mfumo wa vifaa vya kuingizia unaotumika sasa uliandikwa kwanza na Vojtech Pavlik, na ulikuwa umeshika nafasi yake katika toleo 2.6 la Desemba 2003. Kila kifaa huonekana kama faili, kwa mfano /dev/input/event0.

Kitufe kikibonyezwa, kiendeshi cha kibodi huita input_report_key(), kisha input_sync() kuonyesha kwamba taarifa imekamilika. Programu inayosoma faili hupokea rekodi ya baiti 24 (kwenye mashine za biti 64) yenye wakati, aina ya tukio, namba na thamani. Kitufe cha A kina namba 30. Thamani 1 ni kubonyezwa, 0 ni kuachiwa, na 2 ni kujirudia kinaposhikiliwa.

Namba hiyo ni ya mahali kitufe kilipo, si ya herufi. Kitufe chenye Q kwenye kibodi ya Kimarekani huwa na A kwenye kibodi ya Kifaransa, lakini kiini hutoa namba ileile 16. Kuigeuza kuwa herufi ni kazi ya programu zilizo juu ya kiini.

Anayeweza kusoma faili hizi anaweza kusoma kila nywila inayochapwa, hivyo kwa kawaida haziachwi wazi kwa kila mtumiaji. Simu za Android, ambazo nazo hutumia kiini cha Linux, zina huduma ya mfumo inayosoma matukio ya kioo na kuyagawa kwa programu inayohusika.

Kulala na kuamka

Uzi ulio tayari kufanya kazi una hali ya TASK_RUNNING. Jina hili linapotosha kidogo, maana linahusu pia uzi unaosubiri zamu ya prosesa. Uzi unaosubiri kitufe huwa TASK_INTERRUPTIBLE: umelala, lakini tukio au ishara yoyote, kama ile ya kuufunga, inaweza kuuamsha.

Hatari iko kwenye mpangilio wa hatua. Tuseme uzi unakagua foleni na kuikuta tupu. Kabla haujajiandika kuwa umelala, kitufe kinabonyezwa. Kiini kinataka kuuamsha, kinaukuta uko macho, na hakifanyi kitu. Kisha uzi unalala. Tukio limo kwenye foleni, lakini hakuna wa kuuamsha hadi kitufe kingine kibonyezwe. Mtumiaji ataona herufi yake imekwama, na kosa la namna hii ni gumu kulikamata kwa sababu hutokea mara chache sana.

Dawa yake ni kugeuza mpangilio: uzi hujiandika kwanza kuwa umelala, ndipo hukagua foleni, na mwisho huita schedule() kuachia prosesa. Kitufe kikija katikati, hali hurudishwa kuwa TASK_RUNNING na uzi hauondolewi kwenye zamu. Waandishi wa viendeshi hutumia wait_event_interruptible(), ambayo imekwisha kufunga hatua hizo pamoja.

Usingizi usiokatizwa

Hali ya TASK_UNINTERRUPTIBLE, inayoonyeshwa na amri ya ps kwa herufi D, ni ya uzi unaosubiri jambo ambalo kiini hakitaki likatizwe, hasa diski. Hata amri ya kill -9 haiufungi uzi huo mpaka uamke. Linux huuhesabu pia katika wastani wa mzigo, ndiyo maana mashine inaweza kuonyesha mzigo mkubwa huku prosesa yake haina kazi.

Seva ya mafaili ikipotea mtandaoni, usingizi huo ulikuwa unaweza kudumu hadi kompyuta izimwe. Toleo 2.6.25 la mwaka 2008 lilileta TASK_KILLABLE, ambayo hupuuza ishara nyingine zote isipokuwa ile ya kuua.