Kunyamaza Siyo Uvumilivu: Uonevu na Afya ya Akili ya Vijana Wetu



Huku kwetu Kasulu na Kibondo utani ni sehemu ya maisha. Lakini lipo jambo linalovaa nguo za utani na siyo utani: uonevu miongoni mwa vijana, darasani, bwenini na hata kwenye makundi ya WhatsApp.

Tutautambuaje? Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyeanza kuuchunguza uonevu shuleni huko Skandinavia miaka ya 1970, alitaja alama tatu: unakusudiwa kuumiza, unarudiwarudiwa, na anayeonewa ana nguvu ndogo kuliko anayeonea. Katika utani kila mmoja anaweza kujibu. Mtoto wa kidato cha kwanza anayelazimishwa kufua nguo za kaka mkubwa kila Jumamosi hawezi.

Kwetu uonevu una sura yake pia. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, imepokea wakimbizi tangu 1996, na ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena 2015 Warundi walipokimbia machafuko. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana, hivyo Muha akifungua mdomo anaweza kuitwa “mkimbizi” kwa dharau. Neno hilo huumiza wawili: yeye anayekanwa nyumbani kwao, na mkimbizi wa kweli anayesikia hali yake ikigeuzwa tusi.

Kijana anayeonewa hukabili vipi? Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza mwaka 1984 njia kuu mbili: kushughulikia tatizo lenyewe, na kutuliza hisia zinazotokana nalo. Zote zina nafasi. Sala, mpira na rafiki wa kuzungumza naye hutuliza moyo. Ila uonevu ukiendelea, kutuliza moyo pekee hakutoshi. Lazima mtu mwenye mamlaka auzuie. Wengi hunyamaza, na aliyenyamaza husifiwa kuwa mvumilivu. Hapo pana hatari. Kubeba msalaba siyo kumpa mwingine ruhusa ya kumtesa mtoto.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Uonevu siyo chanzo pekee, lakini huongeza hatari ya sonona, wasiwasi na kujidhuru. Tuangalie dalili: tumbo au kichwa kuuma kila asubuhi ya shule, kukosa usingizi, alama kushuka ghafla, kujitenga, madaftari kupotea mara kwa mara. Akisema “bora nisingekuwepo”, tumuulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Humfungulia mlango wa kusema. Tusimwache peke yake, na tumfikishe hospitali.

Mzazi au mlezi aanze kwa kusikiliza, bila kuuliza “wewe ulimfanya nini?” Asiharakishe kuwakutanisha wawili hao “wapatane”, kwa sababu mnyonge atakubali kila kitu kwa hofu. Amwone mwalimu wa ushauri na unasihi, na ikibidi afisa ustawi wa jamii. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bila malipo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtesa na kumdhalilisha mtoto.

Kwa waseminari, hofu huwa moja: “Nikisema, nitaonekana sina wito.” Kanuni ya 240 ya Sheria za Kanisa inakataza kuomba maoni ya baba wa kiroho au waungamishi katika kuamua nani apewe daraja au nani aondolewe seminarini. Basi mlango huo ni salama. Na tutakaokuwa mapadre tukumbuke: siri ya kitubio haivunjwi kamwe (kanuni ya 983). Mtoto akituambia mateso yake katika kitubio, tumhimize aje azungumze nje yake, ili asaidiwe.

Katika jumuiya ndogo ndogo, Utoto Mtakatifu, TYCS na VIWAWA, tuliweke jambo hili mezani. Aliye mkubwa bwenini awe wa kwanza kusema “acha”. Na anayeonea naye asikilizwe na kurekebishwa, kwani mara nyingine anarudia aliyotendewa yeye. Lakini kwanza, aliyenyamaza apate mtu wa kumwambia.